Si sungura wala si sungura: kumtafsiri mnyama wa Laetoli

Mwaka jana, katika somo la tafsiri, nilipewa kurasa nne za Kifaransa kuhusu mnyama aliyetoweka zamani sana, anayeitwa Serengetilagus. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Kurasa zilikuwa chache, Kifaransa chake kilikuwa chepesi, na mnyama mwenyewe ni jamaa wa sungura, ambaye kila mtoto anamjua. Lakini ukurasa wa kwanza ulisema kwamba mnyama huyo hakuwa lièvre kamili wala lapin kamili. Nikafungua kamusi. Lièvre: sungura. Lapin: sungura. Usiku ulikuwa umeingia na umeme ulikuwa umekatika, nikaandika kile kamusi ilichonipa: "Mnyama huyu si sungura kamili wala si sungura kamili."

Kesho yake niliisoma sentensi hiyo mbele ya wenzangu. Ndugu msomaji, unaweza kukisia kilichofuata. Mambo yakazidi kuharibika nilipofika ukurasa wa pili, ambapo nilikuwa nimeandika kwamba zamani "pika waliishi Kenya". Sauti ikatoka nyuma ya darasa: "Inapikaka nini, ile nyama?" Hata mwalimu alicheka. Nilirudishiwa karatasi yangu na alama 8 kwa 20, na chini yake mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Maneno umeyajua, mnyama hujamjua. Rudia."

Makala haya ni matokeo ya kurudia huko. Nitaeleza mnyama huyo ni nani, kisha nitaeleza kwa nini kumtafsiri kulinishinda mara ya kwanza. Mambo haya mawili, kama nilivyokuja kuona, ni jambo moja.

Mnyama mwenyewe

Laetoli ni eneo lililoko kaskazini mwa Tanzania, kusini mwa bonde la Olduvai, pembezoni mwa uwanda wa Serengeti. Jina lake latoka katika lugha ya Kimaasai, nalo ni jina la ua jekundu linaloota huko. Miamba ya Laetoli kwa sehemu kubwa ni majivu ya volkano yaliyoshuka, yakalowa, yakakauka na kuwa mawe, tabaka juu ya tabaka. Ndani ya tabaka hizo mna visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, vya wanyama walioishi baina ya miaka milioni 3.8 na 3.6 iliyopita.

Dunia inaijua Laetoli kwa sababu ya nyayo za watu wa kale. Mwaka 1976, wataalamu waliokuwa katika kundi la Mary Leakey waligundua kwamba jivu lile limehifadhi alama za miguu ya wanyama. Mwaka 1978 zikaonekana nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, zimefuatana kwa urefu wa mita zipatazo 27. Zina umri wa miaka milioni 3.66. Picha zake zimo katika vitabu vya shule duniani kote.

Ila mnyama wangu alijulikana mapema zaidi. Mwaka 1938 na 1939, Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alikusanya visukuku vingi katika eneo hilo na kuvipeleka Ujerumani. Huko Berlin, mtaalamu Wilhelm Otto Dietrich alivichambua, na mwaka 1941 akampa jina mnyama mmoja mdogo ambaye mabaki yake yalikuwa mengi kupita kiasi: Serengetilagus praecapensis. Alikuwa na ukubwa wa sungura wa kawaida. Hakuwa jitu kama Nuralagus rex wa kisiwa cha Menorca, Hispania, aliyetangazwa mwaka 2011, ambaye anakadiriwa kuwa na uzito wa kilo 12 na ambaye mgongo wake mgumu haukumruhusu hata kuruka. Nuralagus amepata sifa kwa ukubwa wake. Serengetilagus yeye anastahili kujulikana kwa wingi wake. Mafuvu yake, mataya, meno na mifupa ya miguu ni miongoni mwa vitu vinavyookotwa mara nyingi zaidi Laetoli, na hata katika zile nyayo za jivuni, sehemu kubwa kabisa ni za jamii ya sungura. Watu wale wa miguu miwili walipopita, walipita katika uwanja uliokwisha kukanyagwa na sungura kila upande.

Si panya

Jambo la kwanza nililokosea ni kudhani kwamba ukoo huu hauhitaji maelezo. Watu wengi hapa kwetu humweka sungura pamoja na panya, panya buku na kindi, yaani wagugunaji. Wataalamu nao walifanya hivyo kwa muda mrefu. Ni mwaka 1912 ndipo Mmarekani James Gidley alipotetea kwa hoja kwamba sungura na jamaa zake ni oda ya peke yao, Lagomorfa, si tawi la wagugunaji.

Alama yao imo mdomoni. Panya ana meno mawili makubwa ya mbele katika taya la juu. Sungura naye anayo hayo mawili, lakini nyuma yake yamejificha mengine mawili madogo kama vijiti. Ukipata fuvu la kisukuku lenye jozi hizo mbili, moja nyuma ya nyingine, umeshajua kwamba uko katika nyumba ya sungura.

Nyumba hiyo leo ina vyumba viwili tu. Chumba cha kwanza ni familia ya Leporidae, ambao ni sungura wote tunaowajua. Cha pili ni familia ya Ochotonidae, vinyama vidogo vyenye masikio mafupi ya mviringo, visivyo na mkia wa kuonekana, ambavyo leo huishi Asia na Amerika Kaskazini tu, hasa milimani penye mawe na baridi. Hao ndio Wafaransa na Waingereza wanaowaita pika, neno linalosemekana kutoka katika lugha za Siberia. Ndilo lililonichekesha mbele ya darasa.

Hata hivyo, sentensi yangu iliyochekwa ilikuwa ya kweli. Jamaa hao waliishi Afrika Mashariki. Mwaka 1953 Donald MacInnes alieleza visukuku vyao kutoka Rusinga na Songhor, magharibi mwa Kenya, vyenye umri wa karibu miaka milioni 18 hadi 20, akawaita Kenyalagomys. Baadaye wataalamu wengine waliona kwamba hao ni wa jenasi iliyokwisha kupewa jina mwaka 1926 kutokana na visukuku vya Namibia, yaani Austrolagomys. Kwa hiyo wakati ule familia ya pili ilikuwa imeenea kutoka Ziwa Viktoria hadi kusini mwa Afrika, nayo familia ya kwanza, ya sungura wenyewe, haikuwa bado imefika barani.

Sungura walichelewa. Kwa mamilioni ya miaka walistawi hasa Amerika Kaskazini. Karibu miaka milioni 8 iliyopita walienea Asia na Ulaya, na baada ya muda usio mrefu, kwa hesabu ya miamba, wakaingia Afrika. Nchini Chad, huko Toros-Menalla, imepatikana spishi nyingine ya Serengetilagus yenye umri wa karibu miaka milioni 7. Mnyama wa Laetoli basi ni mtoto wa wahamiaji ambao walikuwa wamekaa barani miaka milioni kadhaa. Wenyeji wa kwanza, wale wenye masikio mafupi, hawapo tena Afrika.

Lièvre au lapin?

Sasa turudi kwenye sentensi iliyonipa alama 8. Kwa nini Mfaransa ana maneno mawili, na sisi tuna moja?

Nilianza kwa kuuliza maneno hayo yanatenganisha nini. Lièvre wa Ufaransa ni wa jenasi ya Lepus. Halali shimoni, hujilaza katika kibonde kidogo cha nyasi. Watoto wake huzaliwa wana manyoya na macho yao yamefunguka, na baada ya muda mfupi wanaweza kukimbia. Mwili wake wote umeumbwa kwa mbio: miguu mirefu ya nyuma, masikio marefu. Lapin ni Oryctolagus cuniculus, mnyama ambaye asili yake ni Hispania na Ureno na kusini mwa Ufaransa. Huchimba mashimo na kukaa humo kwa makundi. Watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Sungura wote wanaofugwa duniani, pamoja na wale wa vizimba vya nyuma ya nyumba hapa Kolwezi, ambao sisi wenyewe tunawaita lapin, ni uzao wa spishi hiyo moja.

Kwa hiyo Mfaransa ana maneno mawili kwa sababu porini kwake kuna wanyama wawili. Sisi porini kwetu, katika nyika za Lualaba na Katanga ya Juu, tuna wa jenasi ya Lepus. Lapin alikuja ndani ya kizimba, akaja na jina lake.

Nilipoendelea kusoma, niliona kwamba maneno yale mawili ya Kifaransa hayatoshi hata Afrika yenyewe. Kaskazini-mashariki mwa Kongo, Uganda na Sudan Kusini yuko sungura anayeitwa Poelagus marjorita. Waingereza humwita lapin wa Bunyoro, kwa lugha yao. Watoto wake huzaliwa shimoni, lakini yeye si Oryctolagus wala hana undugu wa karibu naye. Katika majabali ya kusini na mashariki mwa Afrika wapo Pronolagus, ambao vitabu vingine huwaita kwa jina la lièvre na vingine kwa jina la lapin, kana kwamba waandishi walipiga kura. Katika Karoo, Afrika Kusini, yuko Bunolagus, naye ana shida hiyohiyo. Maneno ya Ulaya yalitengenezwa kwa wanyama wawili wa Ulaya, na yanapofika huku yanapwaya.

Serengetilagus anapwaya nayo zaidi ya wote. Wataalamu wanamtambua hasa kwa jino moja, gego la kwanza la taya la chini. Ukilitazama kwa juu, utaona ukuta wa jino umejikunja kuingia ndani, kama karatasi iliyobanwa kwa ukucha. Kwa Lepus na kwa Oryctolagus, mkunjo wa nyuma wa upande wa nje unakata jino karibu lote, hadi ukingo wa pili. Kwa Serengetilagus mkunjo huo huishia karibu katikati. Mwaka 1983, Margarita Erbajeva na Renate Angermann waliyachambua upya meno yale ya awali ya Dietrich na kuyalinganisha na ya jamaa zake, na tangu hapo kila anayezungumzia mnyama huyu huanza na jino hilo. Halafu ipo mifupa ya miguu, ambayo haina ule urefu wa mkimbiaji hodari kama Lepus. Hakuwa na mbio za lièvre, na hakuwa wa ukoo wa lapin. Hiyo ndiyo maana ya sentensi niliyoiua: Mfaransa alikuwa anakiri kwamba maneno yake mawili yamemshinda.

Nami nilikuwa nimekaa usiku mzima nikiona aibu kwamba lugha yangu ina neno moja.

Mgiriki naye alikuwa na neno moja

Jambo lililonifungua macho lilikuwa ndani ya jina lenyewe, na ni jambo ambalo mwanafunzi wa lugha alipaswa kuliona kwanza. Tulichambue jina hilo kama tunavyochambua neno darasani.

Serengeti ni neno la asili ya Kimaasai, ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa uwanda usio na mwisho. Lagus ni umbo la Kilatini la neno la Kigiriki lagos. Prae ni Kilatini, maana yake "kabla". Capensis ni Kilatini pia, "wa Rasi", yaani Rasi ya Tumaini Jema huko Afrika Kusini. Ni jina ambalo Linnaeus alimpa sungura mmoja wa jenasi ya Lepus mwaka 1758. Kwa ujumla: "lagos wa Serengeti aliyekuwapo kabla ya yule wa Rasi." Kimaasai, Kigiriki na Kilatini vimeshonwa pamoja na Mjerumani.

Sasa, lagos kwa Kigiriki ni nini? Ni lièvre. Wagiriki wa kale hawakuwa na lapin katika nchi yao, kwa hiyo hawakuwa na neno lake. Warumi walipokutana naye Hispania, walimwita cuniculus. Wataalamu wa baadaye walipotaka kumpa lapin jina la jenasi, walichukua neno lile moja la Kigiriki wakaliongezea sifa: Oryctolagus, yaani lagos mchimbaji. Walipompata yule wa Bunyoro, mwaka 1932, wakamwita Poelagus, lagos wa majani. Bunolagus ni lagos wa vilima. Nuralagus ni lagos wa Nura, jina la kale la kisiwa cha Menorca. Kenyalagomys ni lagos-panya wa Kenya. Hata jina la oda nzima, Lagomorfa, maana yake ni "wenye umbo la lagos".

Elimu nzima ya wanyama hawa, kwa hiyo, imejengwa juu ya lugha iliyokuwa na neno moja tu, kama yetu. Hakuna aliyesema Kigiriki ni maskini. Walilichukua neno lile kuwa jina la ukoo, wakaweka tofauti katika sifa zinazoandamana nalo. Na Kiswahili, ndugu zangu, kuna jambo gani kinachokiweza kuliko hilo? Tuna "wa" ya uhusiano, tuna viambishi, tunaunganisha majina kila siku bila kufikiri. Kosa langu halikuwa kutumia neno sungura mara mbili. Kosa lilikuwa kuliacha mara zote mbili bila sifa.

Jivu la Laetoli na mchanga wa Kingamyambo

Kabla ya kuandika upya, nilitaka kuelewa jambo moja ambalo mwalimu hakuniuliza, ila lilinisumbua kwa kuwa mimi ni mtoto wa Kolwezi. Hapa watu wanachimba kila siku. Wanachimba kwa mashine na kwa mikono, juu na chini. Kama sungura wa kale walienea hivyo, kwa nini hatujawahi kusikia mchimbaji amepanda na taya la sungura?

Jibu ni umri wa miamba. Shaba na kobalti yetu imo katika miamba ya Katanga iliyolala hapa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na mingine ni ya zamani zaidi ya hapo. Wakati ule hapakuwa na sungura, hapakuwa na panya, hapakuwa na mnyama yeyote mwenye mfupa. Miamba ile ambayo wanajiolojia wa hapa huiita RSC ina alama za uhai, naam, lakini ni stromatoliti, yaani tabaka zilizojengwa na vijidudu vidogo mno majini. Mchimbaji wa Kolwezi akishuka mita mia, anapita mbali sana chini ya wakati wa sungura. Kumtafuta Serengetilagus katika machimbo yetu ni kama kumtafuta mjukuu katika picha ya harusi ya mababu.

Lakini namna Laetoli ilivyohifadhi nyayo, hiyo tunayo hapa, na niliiona utotoni bila kujua ninaona nini. Kingamyambo, kama mnavyojua, kuna uwanda wa mabaki ya kinu cha kusafishia madini, unga laini uliomwagwa miaka na miaka, ambao siku hizi unachimbuliwa upya kwa sababu ya shaba na kobalti iliyobakia ndani. Katika ukingo wake, mvua ya kwanza ikinyesha kidogo, unga ule hushika kama udongo wa mfinyanzi. Mbuzi akipita, kwato zake hubaki. Mbwa akipita, makucha hubaki. Jua likichomoza, alama hukauka zikawa ngumu, na unaweza kusoma nani alipita na alielekea wapi. Mvua kubwa ikija, zote zinafutika.

Laetoli mambo yalikuwa hivyohivyo, ila hayakufutika. Volkano ilitema jivu laini lenye chumvichumvi za namna ya chokaa. Manyunyu ya mvua yakalilowesha. Hata alama za matone yenyewe zimebaki. Wanyama wakapita. Jua likaligandisha kama saruji, na kabla ya mvua kubwa kulifuta, jivu jingine likashuka juu yake na kulifunika. Ndiyo sababu tunajua si mifupa ya sungura wale tu, bali na hatua zao: walipita wapi, wangapi, katika siku gani ya manyunyu.

Tafsiri ya pili

Jumapili iliyofuata nilimtembelea nkambo wangu, mama ya mama, ambaye alitulea kwa hadithi za Kalulu. Kalulu ndiye sungura kwa Kibemba na kwa lugha kadhaa za jirani zetu, mjanja anayewashinda simba na tembo. Nilimweleza habari za Laetoli, za majivu na za lile jino. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Sasa ile njo Kalulu, ao ni ingine?"

Nilifikiri kwanza, kisha nikajibu kwamba si yeye, ila ni wa ukoo wake, aliyekuja kabla yake na ambaye mbio hakuwa nazo sana. Akasema: "Bas, ndiyo sababu alihitaji akili." Sidai kwamba hilo ni neno la kisayansi. Nilichokiona ni kwamba yeye hakukwama pale nilipokwama mimi. Aliuliza swali la ukoo kwanza, la sifa baadaye, na akapata picha.

Nikarudi kwenye meza. Nilifanya maamuzi manne. Neno sungura peke yake nililifanya jina la familia nzima ya Leporidae, wa sasa na wa kale. Lièvre wa jenasi ya Lepus nikamwita sungura wa nyika. Lapin nikamwita sungura mchimbaji, kama Mgiriki wa kubuniwa alivyomwita, na pale maandishi yalipozungumzia wa kizimbani nikasema sungura wa kufugwa. Wale wa masikio mafupi niliwaondolea jina la pika, nikaenda kwenye jina lao la jenasi, Ochotona, lenye asili ya Kimongolia, nikaliandika kama tunavyotamka: okotona. Hakuna atakayeuliza wanapika nini.

Sentensi ya kwanza ikawa hivi: "Mnyama huyu ni sungura, lakini hana mbio za sungura wa nyika, wala si wa ukoo wa sungura mchimbaji." Ni ndefu kuliko ya Kifaransa. Lakini inasema jambo moja zaidi, ambalo Kifaransa chenyewe hakikuweza kulisema kwa sababu hakina neno la jumla la kila siku: kwamba ni sungura. Mfaransa akitaka kuwataja lièvre na lapin kwa pamoja, lazima akimbilie Kilatini cha wataalamu. Sisi neno hilo tunalo sokoni, shuleni na katika hadithi. Neno pana siyo kila mara neno lenye upungufu. Wakati mwingine ni jina la ukoo linalongoja majina ya watoto.

Nilipata 14 kwa 20. Wino mwekundu ulikuwa umebaki mahali pamoja tu, chini ya maneno "sungura wa nyika". Pembeni mwalimu ameuliza: "Na huyu wa Laetoli aliishi wapi, kama si nyikani?"

Ana haki. Laetoli ya wakati ule ilikuwa na miti na vichaka kuliko leo, lakini nyika pia ilikuwapo, na Serengetilagus aliacha nyayo zake humo. Sifa niliyoichagua haiwatenganishi vizuri wanyama hawa wawili. Nimefikiria "sungura mkimbiaji", ili akae sambamba na mchimbaji, lakini mchimbaji naye akifukuzwa hukimbia. Nimefikiria kumpa Lepus jina la Kalulu, kwa heshima ya nkambo, ila sijui kama wasomaji wa Dodoma au Mombasa wangenielewa. Kamusi za pwani zina neno kitungule, nalo hutumika kwa maana ileile ya sungura. Huenda likafaa kupewa kazi hii, kama wenye lugha watakubali. Mwenye pendekezo bora na aliandikie jarida letu kabla ya toleo lijalo. Kurasa zile nne bado ziko kwangu, na nafasi ya neno hilo nimeiacha kwa penseli.